Geti Kwanza, Nyumba Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Makao Nairobi kwa Mwenye Gari la Kulala

Kila mvua ikianza swali ni lile lile: gari litaingia na kutoka vipi? Mtu ana HiAce au Coaster aliyoitia kitanda na jiko, husafiri miezi minne au mitano kwa mwaka, amenunua nyumba pembeni mwa Nairobi ili apate pa kurudi, na sasa gari haliingii. Au liliingia vizuri Januari, Aprili limegoma kutoka.

Kosa huwa moja. Watu hukagua nyumba kama wataishi humo mwaka mzima: vigae, kabati za jikoni, rangi ya sebule. Mwenye gari la kulala anatakiwa aanzie kwenye lami, aingie polepole hadi getini, na sebule aifikie mwisho kabisa, akiwa na nguvu za kuitazama.

Somo hili nililipia. Nilipanga nyumba nzuri Kitengela, ndani ya ploti pana, kilomita moja na kidogo kutoka lami. Mvua za Aprili 2024 zilipokolea, HiAce yangu ilikaa siku kumi na moja ndani ya geti huku nafasi niliyokuwa nimelipia Kilifi ikipita. Wengine hukwama barabarani; mimi nilikwama nyumbani, nikinywa chai na kulitazama gari.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tepu mbili: ya mita 30 na ndogo ya mita 5.
- Mwanzi au bomba la plastiki refu kuliko gari lako, na kitambaa chekundu cha kufunga juu.
- Chokaa ya unga ya kuchorea ardhini, kilo chache zatosha.
- Gambuti na jembe.
- Chupa safi ya maji ya lita moja, ya sampuli.
- Kipima soketi, kile kidogo chenye taa tatu.
- Daftari.
- Muda usiopungua miezi mitatu, na mmoja kati ya hiyo uwe wa mvua. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Ukikagua Februari na Agosti pekee, hujakagua.

Kuhusu pesa: kando ya bei, tenga fungu la ada ya stempu, wakili, soroveya, na sehemu ya kuegesha gari. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, na kwenye udongo mweusi laweza kugharimu kuliko jiko jipya.

## Hatua ya 1: Amua utatokea upande gani wa jiji

Orodhesha safari zako kumi zilizopita. Usiandike unazotamani, andika ulizokwenda. Mkondo utaonekana wenyewe.

Wa Naivasha, Nakuru na Mara watafute Kikuyu, Limuru au Ngong. Wa Nanyuki, Samburu na Marsabit wakae upande wa Thika Road: Ruiru, Juja, Thika. Wa pwani, Tsavo na Amboseli wanafaa Syokimau, Athi River, Kitengela au Isinya. Wapenzi wa Magadi wana Rongai na Kiserian, na barabara ya Kiserian–Isinya huwaunganisha na njia ya Namanga bila kuona foleni ya mjini.

Kwa nini: gari zito la kulala kuvuka Nairobi Ijumaa jioni ni kumaliza safari kabla haijaanza. Bypass, yaani barabara za kuzunguka mji, husaidia, ila husaidia aliye karibu nayo.

Tahadhari: hali ya hewa hubadilika ndani ya mwendo wa saa moja. Limuru kuna baridi na ukungu. Gari lililofungwa wiki sita huko hunuka uvundo na magodoro huota kuvu. Athi River na Kitengela ni pakavu, lakini vumbi huingia hata mahali ulipoapa pamezibwa.

Umefaulu ukiwa na maeneo mawili, si matano.

## Hatua ya 2: Pima gari likiwa limevaa

Vipimo vya kitabuni ni vya gari tupu. Coaster hutoka kiwandani na urefu wa takriban mita 7, upana wa mita 2 na kidogo, na kimo cha mita 2.6 hivi. Ongeza paneli za sola, kiyoyozi, hema la juu, raki ya baiskeli nyuma na kivuli cha pembeni, na hilo si gari lile tena.

Lijaze kama unavyosafiri, kisha pima kimo, upana hadi ncha za vioo, na urefu hadi ncha ya raki. Halafu nenda uwanja mtupu Jumapili asubuhi, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole, na mwenzako amwage chokaa pale kona ya mbele ya nje inapopita. Pima kipenyo cha duara hilo. Ndiyo nafasi gari lako linayodai ili kugeuka bila kurudi nyuma, na hakuna broka atakayeweza kubishana nayo.

Andika namba nne kwenye jalada la daftari: kimo, upana, urefu, duara.

## Hatua ya 3: Tembea na fimbo kutoka lami hadi getini

Hapa ndipo ploti nyingi huanguka, kwa hiyo usiende kwa gari. Nenda kwa miguu.

Kata mwanzi wako uwe na kimo cha gari ukiongeza sentimita 30, funga kitambaa chekundu juu, uushike wima, na utembee katikati ya barabara kutoka lami. Kila kitambaa kinapogusa kitu, simama uandike. Utashangaa. Nyaya za stima kwa kawaida ziko juu vya kutosha. Zinazokuumiza ni nyaya za intaneti zilizofungwa nguzo kwa nguzo na kulegea katikati, matawi ya mjakaranda, na bango la kanisa lililovuka barabara. Waya wa intaneti wa unene wa kalamu ulinichania kifuniko cha hema la juu mchana kweupe, nami nikidhani ni tawi.

Pima pia upana wa barabara penye wembamba zaidi. Hesabu na magari yanayoegeshwa nje usiku, kwa hiyo rudi saa mbili usiku uone hali halisi. Njia iliyoandikwa mita 9 kwenye ramani huweza kubaki mita 4 baada ya kibanda cha mboga, rundo la mchanga wa jirani na Probox mbili.

Kisha maji. Tazama chini ya kuta za majirani: mstari wa tope hukuambia yalifika wapi. Tazama milangoni: mtaa ambao kila mlango una gambuti umeshajibu swali lako. Na uliza bodaboda. Broka analipwa ukinunua. Bodaboda analipwa akifika, kwa hiyo anajua barabara ipi hufungika, mwezi gani, na wanaozunguka hupitia wapi. Mpe mia, mwambie akupeleke njia ya mvua.

Tahadhari: "barabara itawekwa lami mwakani" si barabara. Nunua iliyopo.

Umefaulu ukiwa umetembea njia yote siku moja baada ya mvua kubwa, na kitambaa hakijagusa chochote usichoweza kuombea kiinuliwe.

## Hatua ya 4: Kagua geti, ardhi na mgeuko

Geti la kawaida la nyumba zetu ni futi 10 au 12, yaani mita 3 hadi 3.6. Linatosha ukiingia moja kwa moja. Lakini kwenye njia nyembamba unaingia kwa kona, na gari refu likikata kona mkia wake hufagia nje. Kwa Coaster mimi sishuki chini ya futi 14, na namkataa fundi anayeweka boriti ya zege juu ya geti kwa ajili ya urembo.

Sasa mgeuko. Ploti inayotangazwa kama "thumni" ya ekari mara nyingi ni futi 50 kwa 100. Thumni kamili ni futi za mraba 5,445. Hiyo yako ni 5,000. Ondoa nyumba, tanki, shimo la maji taka na nafasi ya ukutani, kisha chora duara lako kwa chokaa. Likigusa ukuta, utakuwa unatoka kinyumenyume maisha yako yote, na siku moja kutakuwa na mtoto wa jirani nyuma yako.

Ndiyo maana naipenda ploti ya kona. Ikiruhusiwa mageti mawili, gari huingia huku likatokea kule, na futi 50 kwa 100 ya kona hushinda robo ekari yenye geti moja lililobanwa. Bei yake huwa juu kidogo. Lipa.

Kuhusu ardhi yenyewe, chimba shimo la kufika magotini pale gari litakaposimama. Udongo mwekundu wa Kiambu na Karen hauna ugomvi sana. Ule mweusi wa Kitengela, Athi River na sehemu za Embakasi, ambao mafundi huuita "black cotton", huvimba ukinywa maji na hupasuka ukikauka. Kiangazi nyufa zake humeza vidole. Zege likimwagwa juu yake bila matayarisho huvunjika vipande, na gari lililoegeshwa juu ya tabaka jembamba la murram (udongo wa changarawe) hukaa likiinamia upande mmoja kama mlevi. Dawa ni kuuondoa hadi ardhi ngumu, kujaza mawe, kisha murram ishindiliwe tabaka kwa tabaka. Pata makadirio ya fundi wawili kabla ya kutaja bei kwa muuzaji, kwa sababu hiyo ndiyo hoja yako ya kumshusha.

Banda la mabati liwe juu ya gari kwa nusu mita. Paa la mita 4 kwa 9 lina mita za mraba 36, na kila milimita ya mvua hukupa lita moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 ni kama lita 700 zikiingia tanki badala ya kuchimba mtaro chini ya magurudumu.

Umefaulu ukiwa unaweza kusema kwa sauti, bila kubahatisha: naingia hivi, nasimama hapa, natoka uso mbele.

## Hatua ya 5: Maji, stima na choo cha gari

Maji kwanza. Kwenye maeneo ya visima virefu, chukua sampuli uipeleke maabara, uombe wapime chumvi na floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya ukanda wetu huzidi hapo. Maji ya chumvi hayataua mtu, lakini yatajaza ukoko wa chumvi kwenye pampu na hita ya gari lako. Uliza pia siku za mgao, na kama boza la maji hufika getini wakati wa mvua. Ukikumbuka Hatua ya 3, unajua jibu.

Stima ina mtego mmoja ambao hata mafundi wazuri hawauwazi. Ukijenga banda, umezitia paneli za juu ya gari kivulini. Betri hazichaji tena. Miezi saba ya kupumzika chini ya mabati ni kifo kwa betri ya asidi, ambayo hutaka kukaa imejaa; ya lithiamu hupenda kuachwa karibu nusu. Kwa hiyo ama paneli nyingine iwe juu ya banda, ama soketi ya nje karibu na gari, yenye waya wa ardhi na kikatizi cha 30 mA kinachokata stima ikivuja. Chomeka kipima soketi chako kwenye soketi za nyumba. Ukikuta waya wa ardhi haupo, na utakuta, hiyo ni kazi ya fundi kabla gari halijaunganishwa. Waya wa kurefusha usitumike ukiwa umeviringwa, hupata moto.

Choo: ploti nyingi za viungani hazina mfereji wa maji taka, zina shimo au bayodaijesta, yaani tanki ambamo vijidudu husaga uchafu. Hakikisha kuna mfuniko unaofikika karibu na gari. Na angalia dawa ya choo chako cha gari: zenye fomaldehaidi huua vijidudu vinavyosaga uchafu, na baada ya miezi bayodaijesta ya nyumba nzima itakunukia. Usimwage mtaroni hata usiku. Majirani hawalali unavyodhani.

## Hatua ya 6: Je, nyumba inaweza kukaa peke yake?

Huu ndio upande wa pili wa jambo, na ukiniuliza, ndio unaoamua kama utafurahia safari au utakaa Lamu ukipiga simu kila jioni.

Nyumba kubwa yenye bustani hudai mtu. Ukienda miezi miwili, nyasi hufika magotini, panya huhamia, na panya wakimaliza nyasi hupanda injini kutafuna nyaya. Nyumba inayofaa ina uwanja mdogo, valvu moja ya kufunga maji yote, na geti linaloonekana kutoka dirisha la jirani anayekaa nyumbani mchana.

Mpango ulionifaa zaidi ni huu: nyumba kubwa mpangishe familia, wewe ubaki na SQ (kile kijumba cha mfanyakazi uani) na banda la gari. Kodi inalipa mlinzi na stima, taa zinawaka jioni, watoto wanapiga kelele uani, na hakuna mwizi anayependa kelele. Lakini andika kwenye mkataba kwamba banda, soketi yake na njia ya kutokea ni vyako hata usipokuwepo. Bila hivyo utarudi usiku wa manane ukute gari la shemeji wa mpangaji limelala mahali pako, na mwenyewe yuko Kisii.

Ukichagua mtunzaji badala ya mpangaji, mlipe kila mwezi kwa M-Pesa tarehe ile ile. "Nitakutoa nikirudi" huzaa uzembe, na kusema kweli huo ni uzembe wako.

## Hatua ya 7: Sheria za korti

Fupi tu. Kama nyumba iko ndani ya korti, yaani kundi la nyumba ndani ya ukuta mmoja wenye geti moja, omba sheria zake kwa maandishi usome kifungu cha magari. Korti nyingi hukataa "magari ya biashara", na askari wa getini haoni tofauti kati ya Coaster yako na ya shule. Ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti hufa siku mwenyekiti akibadilishwa. Na nyumba za ghorofa zenye maegesho ya chini ya ardhi: ingia na fimbo yako, utatoka nayo mara moja.

## Hatua ya 8: Karatasi

Fanya sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za ardhi, mwenyewe au kupitia wakili wako, kamwe si kupitia wakili wa muuzaji. Kwa ploti za Nairobi kuna Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Kwingine ambako mfumo haujafika, nenda kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti husika. Jina, ukubwa, mkopo, zuio: vyote vionekane.

Mlete soroveya aonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti. Sisi tunakaa sana karibu na barabara kwa sababu ya magari yetu, hivyo muulize hasa kama geti na banda viko nje ya hifadhi ya barabara, na kama kuna njia ya nyaya kubwa za umeme. Ploti ya kando ya mto iache. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru waliokuwa ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi wahame, na tingatinga zilifuata.

Ardhi ya kilimo, na nyingi ya Kajiado na Kiambu bado ni ya kilimo kwenye karatasi, huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi; ombi lipelekwe ndani ya miezi sita ya makubaliano. Amana ya kawaida ni asilimia 10, na ada ya stempu ni asilimia 4 mjini, 2 mashambani.

Tahadhari: amana isiende kwa broka. Wala kwa "binamu wa mwenye shamba".

## Hatua ya 9: Lala hapo usiku mmoja

Wakati mawakili wanaandikiana, mwombe muuzaji usiku mmoja ndani ya ploti, kwenye gari lako. Akikataa, mwulize sababu, kisha mwulize jirani sababu hiyo hiyo.

Chagua Ijumaa. Egesha pale banda litakapokuwa, zima taa, fungua dirisha kidogo. Sikiliza kesha la kanisa, baa, mbwa, pampu ya kisima. Saa kumi alfajiri sikiliza honi za matatu za kwanza: zikiwa karibu mno, hutalala, zisiposikika kabisa, mtunzaji wako atatembea mbali kwenda kazini. Ukiamka, tazama magurudumu. Kama yamezama hata upana wa kidole kwa usiku mmoja bila mvua, rudi Hatua ya 4 na kalamu mkononi.

Halafu washa gari saa kumi na mbili, siku ya soko kama ipo, na uondoke kama mtu anayesafiri kweli: gesi imefungwa, maji yamejaa, baiskeli nyuma. Toka uso mbele, fika lami, geukia upande wa safari zako, na utazame saa. Mimi niliponunua, kutoka gia ya kwanza hadi lami zilikuwa dakika sita, na mwanamke wa kibanda cha mandazi alinipungia mkono kama aliyeshanizoea.

Siku hiyo hiyo nilimpigia wakili simu, nikamwambia atume mkataba nitie sahihi. Sebule sikuwa nimeipima bado.